Kanuni huandikwa Ulaya, gharama hulipwa Kampala: Jinsi sheria za mbio za magari zinavyoamua nani ashinde

KAMPALA — Simama kando ya barabara ya vumbi wakati wa mashindano ya taifa ya mbio za magari nchini Uganda, iwe Mukono, Masaka au Mbarara, nawe utaona magari mawili yanayowania taji moja lakini hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni Subaru Impreza. Lina milango minne, tundu la hewa juu ya boneti na spoila kubwa nyuma. Ukiondoa vibandiko vya wadhamini na kizimba cha mabomba ya chuma kilichomo ndani, ni gari ambalo mkazi yeyote wa Kampala amewahi kukaa nalo kwenye foleni ya Jinja Road. La pili ni Ford Fiesta au Skoda Fabia ya daraja la Rally2. Jina lake ni la gari dogo la familia, lakini mwili umetanuliwa juu ya magurudumu, spoila imeinuliwa kupita paa, na chini ya boneti hakuna karibu chochote ambacho mnunuzi wa kawaida angekipata dukani.

Watazamaji wengi huamini kuwa tofauti hiyo inatokana na ukwasi wa dereva. Ukwasi umo, bila shaka. Lakini aliyeyachora magari hayo mawili ni mwandishi wa kanuni, aliyeketi ofisini maelfu ya kilomita kutoka hapa, na kila alipobadilisha kifungu kimoja alibadilisha pia orodha ya watu wanaoweza kumudu kushindana.

Spoila iliyozaliwa na kifungu cha sheria

Mbio za magari duniani husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lenye makao yake Paris. Kabla gari halijaruhusiwa kushiriki, mtengenezaji hulazimika kuliombea idhini, na kwa miongo kadhaa sharti kuu la idhini hiyo lilikuwa idadi: umetengeneza magari mangapi ya aina hii?

Mwaka 1982 lilipoanzishwa Kundi B, idadi iliyotakiwa ilikuwa magari 200 tu. Kwa kiwanda kikubwa, hiyo ni kazi ndogo. Viwanda havikuhitaji tena kuchukua gari la dukani na kulifanya la mashindano. Vilitengeneza gari la mashindano kwanza, kisha vikatafuta wateja 200. Peugeot 205 Turbo 16 ilikuwa na sura ya 205 ya kawaida, ilhali injini yake ilikuwa nyuma ya mgongo wa dereva. Kasi ilipanda kuliko uwezo wa barabara na watazamaji kuihimili.

Machi 1986, gari liliacha njia nchini Ureno na kuua watazamaji watatu. Mei mwaka huo huo, dereva Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walipoteza maisha katika kisiwa cha Corsica. Mwisho wa mwaka, Kundi B likafutwa.

Lililochukua nafasi yake, Kundi A, lilidai magari 5,000, na baadaye 2,500. Hapo mambo yakageuka. Kiwanda kilichotaka turbo, nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, na spoila kubwa katika mashindano, kililazimika kuviuza vitu hivyo kwa maelfu ya wateja wa kawaida. Ndivyo zilivyopatikana Lancia Delta Integrale, Toyota Celica GT-Four, Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza yenye turbo.

Kwa hiyo kijana wa Kampala anayejivunia spoila ya Subaru yake kuukuu anabeba mgongoni mwa gari lake kifungu cha sheria kilichoandikwa Ulaya baada ya vifo vya mwaka 1986. Umbo lile lilikuwa sharti kabla ya kuwa pambo.

Kundi N na mafundi wa Kisekka

Chini ya Kundi A lilikuwapo Kundi N, lililoibana zaidi gari la mashindano lifanane na la dukani. Injini, giaboksi na mwili vilipaswa kubaki karibu na vile vilivyotoka kiwandani. Mabadiliko makubwa yaliyoruhusiwa yalihusu usalama, shokapu, na vifaa vichache vya kuongeza uimara.

Kwa Uganda, kanuni hiyo ilikuwa neema. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa tayari yakiingia nchini kwa wingi, yakiwa na usukani upande wa kulia kama barabara za hapa zinavyotaka. Yaliyozeeka au kupata ajali yaligeuka vipuri katika soko la Kisekka, katikati ya Kampala, ambako fundi aliyejifunza kazi kwa mikono aliifahamu injini ya Subaru kama mchungaji anavyomfahamu ng'ombe wake. Gari la mashindano likivunjika Jumamosi, kulikuwa na uwezekano wa kweli kwamba kifaa chake kingepatikana jioni hiyo hiyo mjini.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1999, Charles Muhangi alikuwa bingwa wa Afrika. Mwaka 2011, Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa akiwashinda wanaume katika mchezo waliouhodhi tangu mwanzo. Ponsiano Lwakataka alijijengea wafuasi ambao hulitambua gari lake kwa ngurumo kabla halijatokeza kwenye kona, maana injini ya Subaru, ambayo mitungi yake imelala ubavu, ina sauti isiyofanana na nyingine. Mashabiki hawakuwa wakimshangilia mtu tu. Walikuwa wakilishangilia gari walilolijua, ambalo jirani yao analo, na ambalo binamu yao analitengeneza.

Hilo ndilo jambo ambalo hesabu za Ulaya hazikuwahi kuliandika popote: thamani ya kanuni ya Kundi N katika Afrika Mashariki haikuwa bei ya gari. Ilikuwa ukaribu wa fundi na kipuri.

Siku mnyororo ulipokatika

Mnyororo huo ulianza kulegea mwaka 1997, FIA iliporuhusu katika mashindano ya dunia magari yaliyoongezewa turbo na mfumo wa magurudumu manne bila sharti la kuuza mfano wake kwa maelfu ya wateja. Kiwanda hakikuhitaji tena mteja wa kawaida ili kushindana. Lancer Evolution na Impreza ziliendelea kuuzwa kwa sababu zilipendwa na zilitumika katika Kundi N, lakini sababu ya kisheria ya kuwapo kwake ilikuwa imeondoka.

Kilichofuata kilichukua muda, ila hakikukwepeka. Mitsubishi ilihitimisha uzalishaji wa Lancer Evolution mwaka 2016. Mwaka 2022, Subaru ilitangaza kwamba toleo jipya la WRX halitakuwa na STI ya injini ya petroli. Magari mawili yaliyobeba mbio za magari za Uganda kwa kizazi kizima yakawa hayana warithi.

Wakati huo FIA ilikuwa imeshaandaa mbadala. Mwaka 2013 yalianza kushindana magari ya daraja la R5, ambalo leo huitwa Rally2. Injini ni ya lita 1.6 yenye turbo, hewa yake hupita kwenye kizuizi chenye kipenyo cha milimita 32 ili nguvu isivuke kiasi, na uzito hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 1,230. Mwili ni wa gari dogo la dukani, lakini kilichomo ndani kimetengenezwa mahususi kwa mashindano.

Barani Afrika, ujumbe ulifika haraka. Mkenya Manvir Baryan alitwaa ubingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, akiwa na Skoda Fabia R5. Madereva wa Kampala waliobaki na magari ya Kundi N waligundua kuwa hawashindwi tena kwa sekunde za kona moja. Wanashindwa na zama.

Nafuu kwa nani?

Hapa ndipo penye fumbo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. R5 ilibuniwa ili kupunguza gharama. FIA iliweka kikomo cha bei: euro 180,000 kwa gari lilipoanza kuuzwa, pamoja na masharti ya kuzuia viwanda kubadilisha vifaa kila msimu ili kumlazimisha mteja kununua vipya. Kwa timu ya Ulaya iliyozoea magari ya daraja la juu yenye bei inayozidi hiyo mara kadhaa, huo ulikuwa unafuu wa kweli. Ni fikra ile ile iliyoifanya Formula 1 kuweka kikomo cha matumizi cha dola milioni 145 kwa kila timu mwaka 2021.

Tuipige hesabu hiyo kwa shilingi ya Uganda. Kwa kiwango cha takriban shilingi 4,000 kwa euro moja, euro 180,000 ni shilingi milioni 720. Na hiyo ni bei ya gari tupu, kabla halijasafirishwa na kabla halijagongwa na jiwe la kwanza.

Hata hivyo bei ya kununua siyo inayomwondoa dereva wa Kampala mchezoni. Anayemwondoa ni umbali. Giaboksi ya Rally2 haipo Kisekka wala haitakuwapo. Hutoka kiwandani, Cumbria nchini Uingereza kwa Ford ya M-Sport, au Mladá Boleslav katika Jamhuri ya Czech kwa Skoda. Injini hufunguliwa na kukarabatiwa kwa kuhesabu kilomita ilizoshindania, si kwa kungoja iharibike. Ukitaka kurekebisha mfumo wake unahitaji kompyuta, programu maalumu na mtu aliyefunzwa kuitumia. Mara nyingi mtu huyo hupandishwa ndege, akalipiwa hoteli, na akalipwa kwa fedha za kigeni.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeandika kikomo cha bei alikuwa na mteja wa Ulaya kichwani, ambaye kipuri humfikia kwa gari la mizigo kesho yake asubuhi. Kwa mteja huyo, bei ya gari ndiyo gharama. Kwa dereva wa Uganda, bei ya gari ni kiingilio tu.

Hapo sura ya ushindani hubadilika bila mtu yeyote kutangaza. Bingwa anazidi kuwa yule mwenye kampuni kubwa nyuma yake, au anayeweza kukodi gari pamoja na mafundi wake kutoka nje. Fundi wa Kampala, aliyekuwa nusu ya ushindi, anageuka kuwa mshika spana wa mgeni. Elimu yake ya miaka thelathini haifutwi, ila haihitajiki.

Usalama haupuuzwi

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba magari ya zamani yalikuwa bora na kanuni mpya ni hila ya matajiri. Gari la Kundi N lililotengenezwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita limechoka. Chuma chake kimegongwa, kimenyooshwa na kuchomelewa mara nyingi. Kizimba chake kilibuniwa kabla ya maarifa ya leo kuhusu namna mwili wa binadamu unavyoumia katika ajali. Rally2 hubuniwa kwa maarifa hayo, na humlinda dereva vizuri zaidi.

Uganda inaijua bei ya jambo hili. Mwaka 2009, dereva Riyaz Kurji alipoteza maisha katika mashindano ya Pearl of Africa, na msiba huo ulibaki kuwa kumbukumbu nzito katika mchezo huu nchini.

Lakini hata usalama una ratiba ya malipo. Kiti cha mashindano chenye idhini ya kawaida ya FIA huhesabiwa kuwa kimekwisha baada ya miaka mitano, hata kama hakijawahi kupata ajali. Mikanda nayo ina tarehe ya mwisho. Hakuna anayeweza kubishana na sababu. Nyuzi na plastiki huchoka. Ila dereva mwenye bajeti finyu hulazimika kuchagua kati ya kiti kipya na seti ya matairi, na kanuni inapompa chaguo la namna hiyo, inakuwa imeshamwambia nafasi yake katika mchezo.

Kwa hiyo swali halipaswi kuwa kama kanuni za usalama zina haki. Zina haki. Swali ni nani alipe tofauti, na kama chombo kinachotoa kanuni kinapaswa kuishia kwenye kutoa kanuni.

Kanuni zikiyumba, maskini hulipa mara mbili

Kuna gharama nyingine isiyoonekana: gharama ya kubadili mawazo. Mwaka 2022 daraja la juu la mashindano ya dunia lilianza kutumia mfumo wa haibridi, injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme. Magari yaliyopita Naivasha mwaka huo katika Safari Rally yalikuwa na matundu ya hewa ubavuni, karibu na magurudumu ya nyuma, kwa ajili ya kupoza mfumo huo. Ilielezwa kuwa huo ndio mustakabali. Kufikia Januari 2025 mfumo huo ulikuwa umeondolewa, na uzito wa chini wa gari ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Mustakabali ulidumu misimu mitatu.

Kiwanda kikubwa humeza hasara ya namna hiyo. Soko la magari yaliyotumika, ambalo ndilo kisima cha madereva wa Afrika, haliwezi. Gari linalopoteza idhini yake mapema halipati mnunuzi wala vipuri.

Mwishoni mwa mwaka 2024, FIA iliidhinisha kanuni mpya zitakazoanza mwaka 2027. Kikomo cha bei ya gari la daraja la juu ni euro 345,000, takriban shilingi bilioni 1.38 za Uganda, ambacho ni pungufu sana kuliko gharama ya magari ya sasa ya daraja hilo. Fremu itakuwa ya mabomba, na juu yake mtengenezaji ataruhusiwa kuvalisha umbo analolitaka ndani ya vipimo vilivyowekwa: gari dogo, saluni, au lenye umbo la magari marefu ya familia yanayopendwa sasa. Rally2 zitaendelea, na vifaa vyake vitatumika kwa sehemu katika magari hayo mapya.

Kwa maneno mengine, uhusiano kati ya gari la mashindano na la dukani utabaki kuwa vazi. Hilo lina faida: ofisi za biashara zitachagua sura, wahandisi watabaki na mashine moja. Lakini kwa Kampala, mlango ule wa Kundi N, ambapo gari la barabarani liligeuka la mashindano gereji ya mtaani, hautafunguliwa kwa njia hii.

Matumaini zaidi yako ngazi ya chini. Rally3, yenye magurudumu manne yanayosukumwa na bei ya takriban euro 100,000, ilibuniwa iwe ngazi ya vijana. Kenya ilionyesha njia: vijana wake watatu walipatiwa Ford Fiesta za daraja hilo kwa msaada wa wadhamini mwaka 2021, na mwaka uliofuata mmoja wao, McRae Kimathi, alikuwa akiendesha kwenye theluji ya Uswidi katika mashindano ya dunia ya vijana. Tuseme ukweli: haikuwa kanuni peke yake iliyomfikisha huko. Kulikuwa na kampuni, shirikisho na serikali vilivyoamua kuandamana na kanuni.

Somo lililosahaulika la 1953

Afrika Mashariki haikuwa siku zote mpokeaji wa kanuni za wengine. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, waandaaji hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya. Waliyagawa kwa bei yake ya dukani hapa. Mwenye gari la bei ndogo alishindana na mwenzake wa bei ndogo. Mashindano hayo yalipoingia katika mfumo wa kimataifa, utaratibu huo uliachwa.

Moyo wake ulidumu kwa muda. Mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka mmoja nyuma, alipata ushindi wake wa kwanza kati ya mitano akiwa na Datsun 240Z, gari lililouzwa kwa yeyote aliyekuwa na fedha za kulinunua.

Haiwezekani kurudi huko, na haitakiwi. Magari ya leo ni ya kasi zaidi, na maisha ya watu hayapaswi kuwa sehemu ya nauli. Lakini wazo la 1953 halijazeeka: kanuni ya gharama inapaswa kupimwa kwa mfuko wa mahali inapotumika.

Shirikisho la Vilabu vya Michezo ya Magari la Uganda, FMU, haliwezi kuibadilisha Paris. Linaweza, hata hivyo, kuamua mengi ndani ya mashindano ya taifa: kuyapa madaraja ya magari ya zamani tuzo na heshima inayojitegemea, badala ya kuyafanya vumbi la nyuma ya Rally2; kubana ukaguzi wa vizimba na viti bila huruma; na kujadiliana na viwanda ili ununuzi wa gari jipya uambatane na mafunzo ya mafundi wa hapa na ghala la vipuri la pamoja kwa ukanda mzima, Nairobi au Kampala. Kikomo cha bei kikiambatana na fundi, kinakuwa kanuni. Kikiwa peke yake, kinabaki tangazo la biashara.

Mpaka hapo, kipimo rahisi cha kila kanuni mpya kitabaki kile kile, na mtu anaweza kukichukua mwenyewe bila kusoma ukurasa hata mmoja wa vitabu vya FIA. Gari likivunjika Jumamosi jioni Mukono, je, kuna mtu Kampala anayeweza kulitengeneza lirudi barabarani Jumapili asubuhi? Miaka ishirini iliyopita jibu lilikuwa ndiyo. Leo, kwa magari yanayoongoza orodha ya washindi, jibu linategemea ratiba ya ndege.